Kuhusu Bastola ya Baba Yako

Mzee Nizar,

Nianze na mambo ya kazini, maana najua ungeuliza hayo kabla ya kuniuliza hali. Mashine yako ya kukereza amepewa Mfilipino mmoja mpole. Anaifuta kila jioni, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Kiti chako hakikaliwi na mtu. Si kwa heshima, kimevunjika mguu. Theluji imekwisha, na nyuma ya karakana hapa Downsview, Toronto, matope yamejaa kama kila mwaka.

Sasa la bastola.

Ulipofariki mwezi wa tatu, wosia wako ulinitaja mimi kuwa msimamizi wa mirathi. Hukuwahi kuniambia. Miaka tisa ulinifundisha kukata chuma, ukanigombeza mbele za watu, ukanilisha mihogo ya nazi ya mkeo Zarina, ambaye kwangu ni Mama Zarina, na hukupata dakika moja ya kusema, Mutua, nikifa wewe ndiye utakayehangaika na bunduki. Hamkujaliwa mtoto, naelewa. Ila ungesema.

Nilipiga simu serikalini, nikamaliza saa nzima nikisikiliza muziki. Afisa aliyepokea hatimaye alikuwa muungwana. Bastola imesajiliwa kwa jina lako, na wewe hupo. Mama Zarina hana leseni, mimi sina, na siku hizi sheria hairuhusu bastola ihame tu kutoka kwa mtu hadi mtu. Tungeweza kuwapa polisi waiharibu, au kuipeleka kwa mfanyabiashara au jumba la makumbusho lenye kibali. Tusipotaka hayo, fundi wa bunduki mwenye leseni aigeuze pambo: azibe mtutu, achomelee viungo vyake, isifyatue tena maisha. Hapo inafutwa kwenye sajili na mtu yeyote anaweza kuiweka sebuleni.

Mama Zarina hakutaka kusikia habari za polisi wala makumbusho. Alisema kitu hicho kimetoka kwa baba mkwe wake Arusha, hakiendi kwa watu baki. Ikabaki njia ya fundi. Ningemaliza wiki ile ile, kama si bahasha yako.

Niliikuta ndani ya kasha la chuma, juu ya bastola, imeandikwa jina langu. Karatasi moja tu. Mchoro wa kizibo, vipimo vimeandikwa hadi sehemu ya elfu ya inchi kwa zile tarakimu zako zilizosimama wima. Chini yake maneno machache: "Usimwache mtu achomelee. Weka hiki. Kwa nje itaonekana imezibwa. Siku sheria ikibadilika, ifunguliwe."

Nilicheka. Kisha nikakasirika. Ulijua fika kwamba bado nasubiri kula kiapo cha uraia. Ulitaka niidanganye serikali kwa mikono yangu, na ukaniachia vipimo.

Lakini nilikuelewa, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Wiki yangu ya kwanza kazini nilichomelea kishikio kilichovunjika. Ukakigeuza mkononi, ukanirushia. "Kesho mtu atataka kufungua hapa. Atafungua na nini, na meno?" Nikakikata, nikakitoboa, nikakifunga kwa bolti. Sijasahau. Na hii haikuwa kishikio. Baba yako alikuwa akitengeneza bunduki za wawindaji, mteja mmoja akaiacha hiyo bastola dukani asirudi tena, na wewe ukailea mpaka Toronto. Kila Jumapili mlipotoka kuswali jamatkhana ulitandika gazeti mezani, ukaifungua yote, ukaipaka mafuta, ukaifunga. Mara moja uliniruhusu nishike bisibisi. Nilijiona mtu mkubwa.

Basi nilikitengeneza. Siku mbili, saa ya chakula cha mchana. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile, Mzee. Nilijua ni kosa la jinai na nilikuwa na furaha.

Jumamosi nikaja kwenu na kizibo mfukoni mwa koti. Nilitandika gazeti, nikafungua kasha, nikaiweka bastola mezani kama ulivyokuwa ukifanya. Mama Zarina akatoka jikoni na sinia la chai. Alipoona meza akasimama pale pale mlangoni.

"Hata wewe, Mutua?"

Sikuelewa. Akaweka sinia chini, sakafuni kabisa, na akanieleza akiwa amesimama. Kaka yake aliuawa utotoni na bunduki ambayo kila mtu nyumbani alijua haina risasi. Alikwambia hayo kabla ya ndoa. Ulimjibu asiogope, wewe unaijua yako. Kwa hiyo miaka yote ile, kila Jumapili, alikupa mgongo pale jikoni akafungulia bomba la maji, asisikie vile vyuma vikigongana. Nami nilikuwa nadhani anaosha vyombo. Nimekaa meza ile mara ngapi?

"Nizar aliijua bastola kila skrubu," alisema. "Mimi nilikuwa hatua nne nyuma yake natetemeka, hakugeuka hata siku moja."

Nikamuuliza kwa nini basi asiwape polisi. Akasema ni ya baba yako, ni mikono yako, hawezi kuitupa. Anataka ibaki, ila ife kabisa. Kisha akaniuliza kama huyo fundi atahakikisha imekufa. Nilikuwa nimekishika kizibo ndani ya mfuko, kimepata joto la mkono wangu.

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Nilikukasirikia mpaka nikaogopa. Mtu anayeweza kupima sehemu ya elfu ya inchi, hakuziona hatua nne.

Jumatatu kizibo nilikikata vipande, nikavifagia pamoja na chenga za siku. Fundi wa bunduki akaja mwenyewe kuichukua, kwa kuwa mimi siruhusiwi hata kuitia kwenye gari. Aliigeuza mbele ya dirisha akatikisa kichwa. Akasema ni hasara, wakusanyaji wa silaha wangeililia. Nikamwambia achomelee kila mahali sheria inapotaka.

Imerudi juzi na karatasi zake. Kazi si mbaya. Si ya kwako. Nilipoiona ile mishono ya moto kwenye chuma cha baba yako, nilijifanya nasoma karatasi. Mama Zarina hakungoja nimalize. Aliichukua kwa mikono miwili, akaielekeza ukutani, akavuta kifyatulio. Hakikusogea. Akavuta tena kwa nguvu zake zote. Mkeo hakuwahi kuishika, Mzee, hata mara moja, na sasa hakutaka kuiachia. Mwisho akaiweka rafuni, karibu na picha yako ya suti ya kijivu.

Kisha akaniuliza kama ungekubali.

Nikamwambia uliacha barua. Nikamwambia uliagiza mwenyewe ichomelewe, isifunguke tena.

"Aliandika kwa ajili yangu?"

Nikasema ndiyo.

Akakaa kwenye kochi, akalia. Kwenye mazishi hakutoa chozi, watu walinong'ona. Sasa alilia mpaka ushungi ukamteleza, na alichosema ni neno moja tu, tena na tena: "Alinisikia. Alinisikia."

Mchoro wako nimeuchana na kuuchoma. Nakuahidi hatajua kamwe kilichokuwa ndani ya bahasha ile, si kutoka kwangu. Pumzika, mwalimu wangu. Huku nyumbani kwako, wewe ni mume aliyegeuka kumtazama mkewe.

Mwanafunzi wako,
Mutua