Hina kwenye Ngozi ya Mkoba

Ukunda,
Jumapili, baada ya kanisa.

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, na ninaomba barua hii ikukute umeketi, maana najua barua yangu ikifika unamsimamia Wafula kama askari mpaka amalize kuisoma. Wafula, ndugu yangu, soma polepole, usiruke mistari, na ukifika mahali nilipokutaja usijifanye umepaliwa. Goti lako linaendeleaje, Mama? Baridi ya Kitale imepungua au bado unalala na soksi? Na kukhu, bibi yetu, je, bado anakataa vidonge vya hospitali huku akidai chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko? Mimi ni mzima kabisa. Joto la huku tumeshazoeana. Picha niliyotuma ulisema nimekonda, nami nakwambia tena ni ile kamera. Ninakula. Mama mwenye nyumba wangu, huyu Mejumaa ninayekutajia kila barua, hawezi kupika wali wa nazi asinigongee mlango.

Barua yako niliipata. Mambo ya ng'ombe na ya harusi ya binti wa mchungaji nimeyasikia, lakini swali ulilouliza ni moja tu: nitarudi nyumbani au sitarudi? Umesema mjomba ameniwekea nafasi kwenye duka lake la mbegu na mbolea, na hawezi kuiweka zaidi ya Pasaka. Umesema pia tangu zile vurugu, watu wa bara kama mimi walipofungasha na kuukimbia mji huu, hujalala usingizi wa kushiba. Hilo liliniuma. Sikukujibu haraka kwa sababu sikuwa na jibu, Mama. Jibu lilikuwa kwa mtu mwingine. Sasa ninalo, ila uniache nilifikie kwa njia yangu, na Wafula asiende kuchungulia mwisho.

Unajua hoteli ilitupunguza sisi wafanyakazi, wageni walipopungua. Niliingia kwa Fundi Rashidi kufagia na kushona kamba za mikoba, nikifikiri ni kazi ya kusogeza siku tu. Karakana yake iko kando ya barabara ya kwenda Diani, imeezekwa makuti. Ndani ina meza mbili na harufu ya ngozi ambayo sasa naisikia hata kwenye mto wangu wa kulalia. Anatengeneza mikoba, mishipi na majalada, na juu yake anachora maua na majani ya mikoko. Unalowesha ngozi kidogo, unaikata kwa kisu kidogo, halafu unagonga mihuri ya chuma kwa nyundo ya mbao mpaka jani linainuka kama limeota hapo. Hiyo niliijua mapema. Mikono yangu ni ya kwako, na wewe umefuma vitambaa tangu sijazaliwa.

Kazi ngumu ni ya mwisho, nayo Fundi hakuwa akimwachia mtu. Ni kupaka dawa ya kuzeesha. Ndiyo, Mama, umesikia vizuri, kuzeesha. Unachukua kitu kipya ambacho umekihangaikia, unakifanya kionekane kama kilirithiwa kwa babu, na wageni wanakipenda zaidi. Ningekuwa nyumbani ungesema nimerogwa. Dawa yenyewe ni nzito, nyeusi-kahawia, na Fundi anaichanganya mwenyewe kwa nta ya nyuki, tapentaini na rangi ya viatu. Kwanza unaipaka ngozi vanishi, unangoja ikauke sawasawa. Kisha unasugua dawa kwa mswaki mpaka iingie kwenye kila mkato, kazi nzima inakuwa nyeusi tititi, unadhani umeiharibu. Ndipo unachukua kitambaa na kufuta. Palipoinuka panarudi pakavu na pekundu, kwa kuwa vanishi ilizuia dawa isizame. Mashimoni dawa inabaki. Jani ambalo lilikuwa mchoro tu, ghafla lina kivuli. Mara ya kwanza kuona nilipiga kigelegele peke yangu, Fundi akaniuliza nani ameolewa.

Lakini kufuta kuna kiasi chake. Ukifuta kidogo, ngozi inabaki chafu. Ukifuta sana, unaivua kivuli chote. Kiasi hicho kinaonwa kwa macho, na macho ya Fundi Rashidi yameingia ukungu. Yeye husema ni taa mbovu. Amebadilisha balbu mara ngapi sijui. Baada ya mfungo alinikalisha akasema, "Nekesa mwanangu, biashara hii sasa haiwezi kulisha watu wawili kwa kufagia na kushona. Namtaka mtu wa kumaliza kazi. Mkoba ulioagizwa na yule bibi wa Kijerumani, utaumaliza wewe. Ukiumaliza vyema, meza ya pili ni yako. Usipoweza, tutaagana kwa uzuri, na Mungu atakufungulia pengine."

Basi umeelewa sasa kwa nini sikukujibu. Mkoba ule ndio uliokuwa unaamua kama nitakuwa fundi Ukunda au nitakuwa nikipima mbegu za mahindi kwa mjomba.

Sasa sikiliza lililotokea, na usiogope. Binti wa Mejumaa aliolewa Msambweni wikendi ileile niliyokuwa na mkoba huo mezani. Mejumaa ndiye aliyenificha chumbani mwake siku zile za vurugu, akakaa mlangoni na kiti chake na ulimi wake, kwa hiyo aliposema, "Wewe ni mwanangu, huendi harusini mikono mitupu," ningesema nini? Nilipakwa hina. Viganja, na vidole mpaka pingili ya pili. Waambie wamama wa kanisa sijasilimu, nimependeza tu. Hina ikishakauka wanaibandua, halafu wanakusugua mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu ili rangi ikolee. Mejumaa akanionya, "Usitie sabuni mikononi, mwanangu, na kila asubuhi upake mafuta, la sivyo itakuwa ya machungwa kama ya mtoto." Nikatii. Nilikuwa naipenda ile rangi, sikufichi. Nilikuwa nikiitazama hata nikisukuma mlango.

Nikaenda kazini na mikono hiyo. Kifuniko cha mkoba kilikuwa tayari nimekichora, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, jani juu ya jani. Nikakishika kwa mkono wa kulia kukipeleka kwenye mwanga, nikakitazama, nikaridhika. Nikapaka vanishi pande zote mbili. Nikangoja. Nikasugua dawa, nikafuta.

Mama, majani yalitoka vizuri hata nikataka kulia. Kisha nikaona pale pembeni, pasipokuwa na mchoro. Vidole vinne. Vyeusi, vimelala sambamba, na mistari ya ngozi yangu ndani yake. Nikageuza, kidole gumba nacho kiko upande wa pili. Pale nilipokishika kwa mafuta, vanishi haikushika, na dawa ikazama ndani. Nilifuta mpaka kitambaa kikatoboka. Havikutoka. Ngozi ilikuwa imepakwa hina kama mimi.

Fundi Rashidi alikuwa amerudi kutoka msikitini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanyoosha mkono. Nikampa. Akapapasa majani kwa vidole, taratibu, akakileta karibu na uso, akakipeleka mbali. Akatabasamu. "Mashallah," akasema. "Hapa sina la kuongeza. Jumamosi yule bibi akichukua mkoba wake, wewe uhamishie vitu vyako meza ya pili."

Hakuviona, Mama.

Nilisimama pale na mikono yangu nyuma kama mtoto wa shule. Nikafikiria meza. Nikakufikiria na wewe na usingizi wako. Nikafikiria pia yule bibi akifika kwao, akikiweka kwenye mwanga wa dirisha, akauliza ni mkono wa nani huu, na jina la Fundi Rashidi limegongwa kwa ndani. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Fundi, kina alama za vidole vyangu. Hapa, pembeni."

Akainamisha kichwa mpaka pua ikagusa ngozi. Kisha akaenda nje, kwenye jua kali, akageuza kifuniko huku na huku kwa muda mrefu. Niliona mabega yake yakishuka. Mama, nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia mimi. Akarudi ndani. Alisema, "Nionyeshe mikono." Nikamwonyesha. Akanusa. Akacheka, kicheko kile cha puani.

"Mafuta ya nazi," akasema. "Mke wangu tulipooana hakugusa ngozi humu mpaka hina ilipofutika. Mimi ndiye niliyepaswa kukwambia." Akakaa kwenye kigoda. "Nekesa, ungelinyamaza ningelikiuza."

"Najua, Fundi."

"Mimi wa kuchora nawapata Kombani, nawapata Lunga Lunga. Nilikuwa natafuta macho." Akakiweka kifuniko mapajani. "Haya, bismillahi. Kata ngozi nyingine. Na kanawe mikono."

Niliosha kwa ndimu na majivu mpaka Mejumaa akanipigia kelele kwamba naharibu kazi yake. Kifuniko cha pili nilikishika kwa kitambaa tangu mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayetoa sufuria jikoni. Majani hayakuwa mazuri kama ya kwanza, hilo nalijua mimi peke yangu na sasa wewe. Lakini kivuli kilikaa sawa, na pembeni pakawa safi. Fundi alinikalisha karibu yake akaniuliza kila mahali, "Hapa unaona nini? Na hapa?" Nikawa namwambia, naye anaitikia kwa kichwa. Hakutaja taa mbovu tena.

Yule bibi wa Kijerumani alikuja, akaupapasa mkoba, akaunusa, akauvaa begani, akajitazama kwenye kipande chetu cha kioo. Akauliza kwa Kiswahili chake cha hotelini, "Nani fanya hii?" Fundi Rashidi alininyooshea kidole, akanong'ona kwangu, "Mwonyeshe mikono." Nikamwonyesha. Hina ilikuwa imefifia, imekuwa ya machungwa kama alivyotabiri Mejumaa. Bibi akacheka, akanishika mikono yote miwili.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, Mama. Sitarudi Pasaka. Mwambie mjomba namshukuru kwa moyo wote, na nafasi ampe Wafula, ambaye anajua mbegu kuliko mimi na hana kisingizio tena. Sikai huku kwa sababu nimewasahau. Nakaa kwa sababu nina meza yangu, iko chini ya dirisha, na asubuhi jua linaingia moja kwa moja juu ya kazi. Nina mtu anayeniita mwanangu nyumbani na mwingine anayeniita hivyo kazini. Siku zile mbaya hazikurudi, na zikirudi, Mejumaa bado ana kile kiti. Nimefurahi, Mama. Nilitaka ulisikie neno hilo lenyewe, usilitafute katikati ya mistari. Desemba nitakuja kuwaona, nami nitalala kitandani kwako upande wa ukutani kama zamani.

Nisalimie kukhu, mwambie mjukuu wake sasa analipwa kwa kuzeesha vitu, kama anataka nimzeeshe zaidi asubiri nije. Nisalimie mjomba na mkewe, na mchungaji, na yule jirani yetu mwenye mashine ya kusaga ambaye huwa anauliza kama bahari ina mwisho. Mwambie sijauona. Fundi Rashidi anakusalimu, anasema ahsante kwa kuzaa macho. Mejumaa anakusalimu pia na ametaka kukutumia mafuta ya nazi, lakini nimemwambia familia yetu imetosheka nayo.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi, usikifungue kwa kisu. Ni jalada la Biblia yako, maana lile la plastiki limechanika tangu nikiwa darasa la saba. Nimelitengeneza kwa kile kifuniko cha kwanza. Fundi alitaka kukata ile pembe yenye alama, nikamwambia aiache. Majani utayaona mwenyewe. Vile vidole viko upande wa kulia, pale unapoishika ukienda kanisani, na gumba liko kwa ndani. Weka vyako juu ya vyangu, kimoja kimoja, upime vizuri, halafu uniandikie kama kweli nimekonda.

Binti yako,
Nekesa