Hii Tumbo Haina Mutoto

Siku ya ine, 8 Juni 1978
Nimepiga mashini ya kuandika asubui yote. Tumbo inagusa meza. Shefu akasema, «Citoyenne, usibebe dosie, utaumiza mutoto.» Mutoto gani? Munganga wa hospitali ya Katana alinipima: iko kisti, uvimbe ya maji, ku ovari, kubwa sawa papai. Itoke mbio, isiharibu upande wa pili. Nikichelewa, naweza kukosa kuzaa maisha yote. Lakini hawezi kunipasua kama bwana yangu hajakubali. Na bwana yangu, Cirhuza, anasema, «Tungoje mama.»

Posho, siku ya sita, 10 Juni
Mavyala, mama ya Cirhuza, ametoka Walungu na kasiksi. Pombe ya kushangilia tumbo yangu! Ameambia majirani wote niko na mimba ya miezi tano. Mimi ninaona mwezi, tena vibaya, na anajua. Anasema munganga anataka kumutoa mujukuu wake. Ameleta hata kikwembe, kitambaa mupya ya kumubebea mutoto mu mugongo. Namuchukia. Basi.

Siku ya kwanza, 12 Juni
Cirhuza amekataa wanipasue. Mwalimu wa biolojia! Nilimuchorea ovari, kisti, yote. Akaangalia karatasi, akaenda kula kwa mama yake mu kikoni. Muoga.

Siku ya ine, 15 Juni
Maumivu. Nimetapika. Sikuenda ku kazi. Mavyala akaniletea maji ya majani, eti ya kukaza mimba. Nikayamwaga mu choo, akiona. Akalia kwa sauti. Majirani wakakuja kumupa pole yeye. Yeye! Mimi niko nalala pale, hakuna hata mumoja aliniuliza kitu.

Posho, 17 Juni
Salongo. Kazi ya lazima ya serikali, barabara yote inje na majembe. Wamama wakaninyanganya yangu: mwenye mimba asilime. Mavyala anacheka kati yao. Hasira ikanipanda. Nikapaza sauti: «Mu hii tumbo hamuna mutoto! Muko kisti, na bwana yangu na mama yake wanataka inimalize!»
Mwenye kusimamia salongo akauliza Cirhuza, «Citoyen, ni kweli bibi yako iko mugonjwa?» Cirhuza akaangalia viatu yake. Hakuweza kudanganya mbele ya watu wote wale. Akasema ndiyo.
Saa hii anafunga valizi. Tunaenda Katana siku ya kwanza. Ananipa mugongo. Vizuri. Mimi pia namupa yangu.

Siku ya Mungu, 25 Juni
Walinipasua siku ya tano. Ovari ya kushoto imeenda na kisti. Ya kuume ni nzima. Munganga anasema naweza kuzaa. Hakusema nitazaa.
Cirhuza anakaa ku inje, karibu ya dirisha.
Mavyala aliomba aone kile walitoa. Wakamuonyesha. Akarudi, akakaa chini karibu ya kitanda yangu.
Nikikohoa, kidonda ya tumbo inaniuma sana. Leo Mavyala akatoa ile kikwembe ya mujukuu, akanifunga nayo tumbo, polepole, akakaza.
Sikumuambia aksanti. Sikuifungua.