Wanaokula Mchana

Jumatano, 12 Machi 2025

Najma hafungi leo, yuko kwenye siku zake. Mama naye vilevile. Wamejifungia jikoni na chai ya maziwa na vitumbua vya jana, wanacheka chinichini baba asisikie. Nimeingia kuchukua ndoo — wakanyamaza! Utadhani mimi mgeni. Mama akasema hongera Saadiya, mwaka huu huachi hata funga moja.

Hongera ya nini? Tangu mwaka jana sijaziona siku zangu. Ramadhani inanisitiri tu, hakuna wa kuuliza mbona sili. Futari nachezea uji, daku nasema nimeshiba. Nawaonea wivu hata kwa vitumbua vilivyolala!

Ijumaa, 14 Machi

Haruna wa duka la vitenge kaja tena, eti kumsalimia baba. Macho yote kwa Najma. Mdogo wangu! Mashavu anayo, nyonga anazo. Idi Pili wanaleta posa, Mama kashaanza kuulizia udi.

Mimi ananiamkia shikamoo dada. Na umri ananizidi, mshenzi yule.

Nilijitakia mwenyewe. Enzi zile nina mwili, wauza viatu pale sokoni Mchikichini walinishika mkono, wakashika na kwingine, wakacheka. Nikaapa mwili huo uishe. Umeisha. Siku hizi napita katikati yao hakuna hata anayegeuka. Raha! Sasa mbona roho inaniuma hivi? Sitaki kuguswa na mtu. Ila nataka kutakwa — na wa kutakwa ni Najma.

Jumanne, 18 Machi

Najma kanipa gauni lake linalombana. Kwangu limening'inia tu. Eti, "Dada una bahati, wewe hunenepi." Nilitamani kumzaba kibao.

Alhamisi, 20 Machi

Naandikia chooni. Mama yuko nje ya mlango.

Kaona kabatini pedi za Najma zimeisha, zangu hazijafunguliwa. Akanivuta chumbani. Tangu lini? Nikasema sikumbuki. Akashika kichwa. Nikajua sasa ataniuliza habari ya kula. Nilikuwa tayari, wallahi, ningemwambia yote.

Akauliza mimba ya nani.

Mimi! Nikacheka. Akanizaba kofi, akavaa baibui, mbio duka la dawa. Karudi na kipimo.

Mstari mmoja, hakuna mimba. Nilijua. Nifungue tu mlango nimwonyeshe, yaishe.

Lakini yuko pale nje analia. Ananibembeleza kwa sauti ile ya jikoni, ya Najma na chai yao: "Nitajie tu mwanangu, sitamwambia baba yako." Kaamini! Kaamini kuna mwanamume kanitamani mimi. Hajawahi mtu kuamini hivyo humu ndani. Sijui hofu sijui furaha.

Nikasema, "Haruna."

Mama akalirudia jina kwa sauti. Kipimo bado ninacho mkononi. Sasa nasikia ndara za Najma ukumbini.

"Mama, unalia nini? Haruna kafanyaje?"