Nyundo ya Babu

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila Babu. Lile garimoshi la zamani ambalo wazee wa mtaa wanalifufua kwa kujitolea limekaribia kuwashwa. Tangu Bibi afariki, kazi hiyo ndiyo iliyomtoa Babu kitandani. Yeye hugonga tangi la mvuke kwa nyundo, husikiliza mlio, kisha husema, "Hapa pazima." Wote humwamini, kwa kuwa aliliendesha ujana wake wote.

Baba, Babu hasikii tena. Juzi nilisimama nyuma yake nikamwita na kumwita, naye akaendelea kugonga huku akisema, "Pazima."

Niliogopa tangi lisije likapasuka na kuua watu, nikamnong'oneza fundi mkuu kwamba Babu hasikii. Walilijaza maji, wakayashindilia kwa pampu ili kulipima. Likavuja palepale Babu aliposema pazima. Fundi alimwambia tu, "Mzee, pumzika kidogo." Babu akaweka nyundo chini, akarudi nyumbani mvuani.

Sasa amelala, amegeukia ukuta. Hajui kwamba niliyesema ni mimi. Leo nimempelekea chai, akauliza, "Wameshaziba?"

Nikamwambia sikioni, "Bado, Babu! Wanakungoja wewe!"

"Usinipigie kelele, mimi si kiziwi," akasema, lakini akaketi, akanywa chai yote.

Baba, hakuna aliyesema wanamngoja. Tafadhali mpigie fundi simu, amtafutie Babu kazi ya mikono, ili nisiwe nimemdanganya.

Mimi kitinda mimba wako,
ninayekukumbuka kila siku.