Ekzosi Iliyotoboka

Berea, Jumamosi, Juni 2017

Lakini rimu nimechagua, jamani! Zinang'aa hadi fundi kajiona meno. Tairi za nyuma pana, za mbele nyembamba, na kabureta mpya kwa yule mnyama wangu wa silinda nane. Nimefika Lusaka, nimefika Maputo, gari la zamani lenye miguu kama hii sijaliona.

Fundi wangu, Papa Kasongo, Mkongo wa Lubumbashi, akaniharibia raha. "Mais, lakini ndugu, hii ekzosi imetoboka, inapiga kelele sana. Nikuwekee mpya?"

Nikakataa.

"Viatu vya bwana harusi, sauti ya trekta!" akacheka.

Nikacheka naye. Ningemwambia nini? Mke wangu Zaina alikuwa akiisikia ekzosi hiyo toka kule kwenye roboti, taa za kuongozea magari, anainjika maji ya ugali. Nikimaliza ngazi, tayari anasonga. Tangu anikimbie kwenda mji wa mbali, Durban, kwa dada yake, hata simu yangu hapokei. Sasa gari likiwa kimya, na yeye akirudi, atajuaje kama...

Jioni nimefika chini ya fleti, nikakanyaga mafuta kwa nguvu. Dirisha likafunguka. Si letu. Ni Mama Neema, jirani wa chini yetu.

"Shemeji, zima basi! Zaina hayupo. Unamwita nani?"

"Nawaonyesha rimu, shemeji!"

Nikapanda. Sufuria kavu, jiko la baridi.

Kesho nitamwambia Kasongo aweke ekzosi mpya. Ila kesho Jumapili, atakuwa kanisani. Basi, siku nyingine.