Baba, Picha Yako na Bibi Bado Imo Gizani

Baba,

Kabla sijasema nawe, niruhusu nitimize adabu uliyonifundisha. Baba Paroko, tumsifu Yesu Kristo. Baba Mkubwa, kaka yake Baba na msemaji wa ukoo huu, shikamoo. Bibi, mama uliyemzaa Baba na ukamzika, shikamoo. Mzee Kirpal, uliyemfundisha Baba kazi ya picha kule mjini Moshi, shikamoo. Shangazi zangu na majirani wa Masama, mliotuletea ndizi na kuni tangu msiba ulipoingia, nawasalimu kwa heshima.

Baba, nimeombwa niseme kwa niaba ya watoto wako. Nilijaribu kuandaa hotuba ikanishinda, kwa sababu kila sentensi iligeuka kuwa swali kwako. Basi nimekuandikia barua, na hawa wote watanisikia nikikusomea.

Leo ni siku ya kugawa vitu vyako. Mapanga yako, redio, koti la kanisani, kamera ya mbao na miguu yake mitatu, vyote vimetandazwa kwenye turubai hapa uani. Unaijua desturi ya nyumba hii: kila kilichofungwa cha marehemu hufunguliwa nje, juani, mbele ya wote, asije akatokea wa kusema kuna aliyeficha. Sanduku la nguo limefunguliwa. Kabati limefunguliwa. Kimebaki kiboksi kimoja cha vifuniko vitatu vinavyoingiliana, kilichozungushiwa utepe mweusi, na juu yake mwandiko wako: "Zimepigwa. Hazijasafishwa. Gizani tu."

Nimekikumbatia tangu asubuhi, na watu wananitazama.

Wengi hawajui kilichomo. Napenda walijue hilo kutoka kwangu. Humo mna vipande vya filamu, kila kimoja kikubwa kama kiganja. Kila kipande kimekwisha kuona. Mtu ameshaingia humo, ila haonekani mpaka filamu isafishwe kwa dawa. Mwanga ukiigusa kabla ya hapo, hata kwa kufumba na kufumbua, picha inakufa. Na kipande cha juu kabisa, Baba, ni kile chako na Bibi.

Bibi hakupenda picha. "Shamba linanijua, kanisa linanijua, inatosha." Ile ya kitambulisho cha taifa aliikana mbele ya ofisa: "Huyu si mimi, huyu ni mtu aliyekamatwa." Ulimbembeleza miaka mingi. Siku aliyokubali, pale kwenye migomba, alitoa sharti: "Nikae peke yangu kama mshtakiwa? Njoo ukae hapa." Ukanifunika kichwa kwa kile kitambaa cheusi cha kamera, nikawaona wawili mmepinduka kwenye kioo, miguu juu, vichwa chini, Bibi akinyoosha kola yako. Ukaniambia, "Bonyeza tukiacha kugombana." Hamkuacha. Nilibonyeza hivyo hivyo.

Ulikusudia kuzipeleka mwenyewe zikasafishwe. Moyo wako haukungoja.

Tangu uondoke, nimekuwa mlinzi wa kiboksi hiki, na sijui kama nakilinda au ndicho kimenifunga. Uliniambia joto ni adui, nikakiweka kwenye friji kule kwetu Kiboriloni, mjini Moshi, ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya mboga, kama ulivyokuwa ukifanya. Wakati wa msiba Shangazi alikitoa apate nafasi ya nyama. Nilikikuta dirishani, jua likikipiga. Nilipopiga kelele, akanijibu kwa upole, "Mwanangu, karatasi haziozi." Vifuniko havikufunguka. Lakini lile joto lilifanya nini humo ndani? Hakuna wa kuniambia, wala hakuna namna ya kuchungulia.

Nilikwenda kwa Mzee Kirpal. Chumba chake cha giza, ulimojifunzia, sasa kinauza makava ya simu na kina taa kila kona. Dawa hana. Akaniambia yupo fundi Nairobi ambaye bado anasafisha filamu za namna hii. Nikauliza, zitafikaje? Kwa ndege zitapita kwenye mashine ya kukagua mizigo, na miali yake inapenya kadibodi na kuziharibu. Nikaenda kwenye ofisi ya vifurushi. Binti wa kaunta akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, mzigo usiofunguka hausafiri." Sikumlaumu. Kwa basi kuna mpaka pale Holili, na ofisa ana haki ya kutaka kuona ninachovusha. Nikirudi nyumbani kuna umeme unaokatika, na picha isiyosafishwa hufifia yenyewe polepole. Nikikaa inakufa. Nikiondoka huenda ikafa njiani.

Na nilipopanda nacho huku mlimani Masama nikawakuta wazee wamekaa kikao.

Baba Mkubwa, nakuheshimu, na maneno yako nayarudia bila kuyapunguza. Ulisema, "Kitu cha marehemu hakitoki mlimani kikiwa kimefungwa. Msomi wetu, kama ni picha, tuonyeshe picha." Watu wakacheka. Nilikueleza, ukaniambia umeishi miaka yote hiyo hujawahi kuona mali inayoharibika kwa kutazamwa. Baba, ningekuwa mimi ndiye kaka yako, ningesema vivyo hivyo.

Lakini aliyenivunja ni Bibi. Jana alinishika mkono, akauweka juu ya kiboksi. "Mwanangu yumo humu, nawe umemwekea kifuniko? Nifungulie nimwone. Mimi sina muda wa kungoja Nairobi." Mtu mwenye haki kuliko wote ya kumwona ndiye ambaye, nikimtii, hatamwona kamwe. Nimefundisha darasani zaidi ya nusu ya maisha yangu, na jana nilishindwa kumfundisha mama yako jambo hili moja. Nilikaa naye tu, kiboksi kikiwa katikati yetu.

Asubuhi hii Mzee Kirpal amefika na mfuko mweusi wa kazi yenu, ule wenye mikono miwili kama ya koti. Kiboksi kinaingia, zipu zinafungwa, na mtu anaingiza mikono yake hadi kwenye viwiko. Ndani ni usiku. Hapo vifuniko vinaweza kutolewa, na vidole vikahesabu vipande kwa kugusa kingo tu, na ile mikato midogo ya alama pembeni ambayo wewe uliisoma bila macho.

Kwa hiyo, Baba, nakuaga mbele ya watu wako. Lala salama. Nakuahidi kwamba nitaibeba picha hii mapajani mwangu, mimi na Mzee Kirpal, hadi Nairobi, na pale mpakani nitamwomba ofisa aingize mikono ndani ya mfuko huu kama wazee wako watakavyofanya leo. Akikataa, nitarudi nayo ikiwa imefungwa, nitafute njia nyingine. Na kama fundi ataitoa kwenye dawa ikiwa tupu, nitaileta hivyo hivyo, nimkabidhi Bibi kipande kitupu, nami nitakaa naye akilia. Sitaahidi zaidi ya hapo, maana sijui.

Ndugu zangu, uamuzi wa sisi watoto ni huu. Kiboksi hakifunguliwi juani. Kitafunguliwa sasa hivi, mbele yenu nyote, ndani ya mfuko huu, kwa mikono ya msemaji wa ukoo, naye atatamka alichokigusa. Baada yake Bibi ataingiza mikono yake, akishikwa viganja na Mzee Kirpal kwa nje ya mfuko ili aguse ukingo tu. Ugawaji wa vitu vingine unasimama hadi tutakaporudi. Hakuna atakayechukua hata panga kutoka kwenye turubai hili. Anayepinga aseme kabla zipu haijafungwa.

Baba Mkubwa, karibu mbele. Vua koti, kunja mikono ya shati. Na saa yako, tafadhali, mpe Baba Paroko akushikie: namba zake zinang'aa gizani.