Ruhusa Niliyompa Mtu Nisiyemjua

KITUO CHA POLISI KAPIRINKHONDE, WILAYA YA MZIMBA, MALAWI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Zione Kachingwe
Umri: Miaka 47
Kazi: Mfugaji wa kuku, pia natengeneza video za kufundisha ufugaji
Makazi: Kasungu
Tarehe: 19 Septemba 2024. Saa: 6:20 mchana

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu. Sikutishwa na sikuahidiwa kitu.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na tano kufuga. Nilianza na vifaranga sitini. Arobaini na mmoja walikufa mwezi wa kwanza, kwa kuwa kijitabu cha malezi nilichopewa kilikuwa cha Kiingereza na mimi niliishia darasa la sita. Kilichowaua kilikuwa kimeandikwa ukurasa wa tisa. Nilikuja kulijua hilo miaka miwili baadaye. Leo nina kuku 1,300, na hakuna aliyenipa hata yai.

Mnamo tarehe 11 Machi 2024, saa nane mchana, nilikwenda kituo cha kompyuta cha Kasungu kupakia mtandaoni video yangu ya dakika kumi na nne kwa Kichewa. Inaonyesha namna ya kuchanganya nyumbani kilo 100 za chakula cha vifaranga. Msimamizi wa kompyuta, Bi. Patuma Saidi, alinionyesha mahali pa kuchagua leseni ya hakimiliki, yaani masharti ya watu kuitumia kazi yangu. Alinisomea moja moja. Kuna ya kufunga kila kitu. Kuna ya watu kuisambaza bila kugusa neno. Kuna ya kubadilisha bila kufanya biashara. Na kuna ya kubadilisha, kutafsiri, hata kuuza, mradi anayefanya hivyo amtaje mwenye kazi na aseme wazi amebadilisha nini.

Nilichagua hiyo ya mwisho. Bi. Patuma aliniambia, "Mama, hapo umefungua mlango na madirisha. Na anayeichukua leo, kesho huwezi kumwambia rudisha." Nikamjibu, "Kifaranga niliyekwisha kumgawa nilishawahi kumfuata?" Kuuza nako niliruhusu kwa hesabu. Anayenakili video kwenye kadi za simu anazifikisha vijiji visivyo na mtandao, na hawezi kutembea na njaa. Kutafsiri niliruhusu kwa sababu ya ule ukurasa wa tisa.

Mnamo tarehe 16 Septemba 2024, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, nilipigiwa simu na mwanamke nisiyemjua. Alisema, "Wewe ndiye Mama Kuku wa Kasungu? Njoo uzike wanao." Huyo alikuwa NyaKumwenda, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafugaji wa hapa Kapirinkhonde. Aliniambia vifaranga wao 214 kati ya 240 wamekufa kwa kufuata somo langu, na kwamba jina langu limo mwanzoni mwa video. Mengine aliyosema sitaki yaandikwe.

Nilimwomba anitumie video hiyo, nikaitazama mara tatu. Picha ni zangu, mikono ni yangu, sauti si yangu. Ni ya mwanamume, kwa Kitumbuka, lugha ninayoisikia vizuri. Hesabu ya kilo 100 alikuwa ameigeuza kuwa ya kilo 10, kwa kuwa wanawake wa huku huchanganya kidogokidogo. Mahindi kilo 60 yalikuwa 6. Soya kilo 30 ilikuwa 3. Yote sawasawa. Lakini chumvi, ambayo mimi nilisema gramu 300, kwake ilibaki gramu 300. Ilipaswa kuwa gramu [300, imekatwa kwa mstari] 30 (imerekebishwa, L.N.). Chumvi mara kumi kifaranga wa wiki mbili haiwezi.

Leo saa mbili na nusu asubuhi nilifika kituoni hapa. Nilimkuta NyaKumwenda na wenzake sita, na kijana aliyewekwa mahabusu tangu juzi, Bw. Wongani Zgambo, mwalimu wa shule ya msingi. Ndiye aliyetafsiri. Sikuwahi kumwona kabla ya leo.

Sajenti Nkhata aliniuliza kama nilimpa Zgambo ruhusa. Nikasema ipo leseni. Akasema, "Ilete. Ina muhuri?" Nikamjibu, "Haina muhuri, afande. Ni maandishi chini ya video," nikamwonyesha kwenye simu yangu. NyaKumwenda aliniambia, "Dada, sema hukumruhusu, ufunge safari urudi kwa kuku wako. Sisi tubaki na huyu." Sikuchukia. Na mimi nilishawahi kufukia arobaini na mmoja.

Nimelifikiria jambo hili ndani ya basi njia nzima. Kama Zgambo angeniibia na kufuta jina langu, nisingepigiwa simu. Nimeitwa hapa kwa sababu alifuata sharti la kwanza. Hilo linaniuma, lakini ndivyo lilivyo.

Nilimuuliza Zgambo mbele ya wote chumvi ilimpitaje. Alisema, "Mama, niliandika orodha ya kilo, nikagawa zote kwa kumi. Chumvi ilikuwa kwa gramu, nikaiandika pembeni. Ikabaki." Nikamuuliza, "Na mbona hukusema umebadilisha? Mtu angejua amuulize nani." Akainama. Akasema, "Niliona aibu kuliweka jina langu karibu na lako." NyaKumwenda akamwambia, "Aibu yako imetugharimu, mwalimu. Hata mtoto wa darasa la nne unamdai aonyeshe njia ya hesabu yake."

Kwa hiyo naeleza hivi. Kutafsiri na kubadilisha, nilimruhusu. Sikumjua, lakini nilimruhusu. Kuficha kwamba amebadilisha, sikumruhusu. Akishtakiwa kwa kutumia kazi yangu bila idhini, nitapinga mahakamani. Kuhusu vifaranga, hao ni wa akina mama hawa, na wao ndio wa kusema.

Zgambo aliniuliza aifute. Nilimwambia kufuta hakutoshi. Juzi video yake ilikuwa imetazamwa mara 1,912, leo asubuhi 2,046. Ni watu 67 kwa siku, na iliyokwisha kuingia kwenye kadi za simu haifutiki. Akikaa ndani wiki moja, hao ni watu 469, na sauti wanayoisikia ni yake. Nikamwomba Sajenti amruhusu kurekodi sahihisho hapahapa.

Saa tano kasoro dakika kumi alirekodi kwa simu yangu, kwenye kaunta. Alitaja jina lake, akasema kosa ni lake na si la mama wa Kasungu. Alipofika kwenye kipimo sauti ilimkatika. NyaKumwenda alisimama, akachukua chumvi tuliyonunua dukani, akaipima kiganjani mbele ya simu na kusema kiasi hicho mwenyewe, mara mbili. Kisha akarudi kukaa kwenye benchi. Hakumtazama Zgambo, wala mimi.

Leseni yangu sijaibadilisha. Nimeongeza tu kipimo cha kilo 10 chini ya video.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo, na ndiyo maelezo yangu.

Sahihi: Z. Kachingwe

MAELEZO YA AFISA
Nimemsomea shahidi maelezo haya naye amekubali kuwa ni yake. Mahali alipotaja kipimo sahihi cha chumvi, mimi niliandika gramu 300 badala ya 30. Shahidi alikataa kutia sahihi mpaka nilipokata kwa mstari mmoja unaoacha kosa lisomeke, nikaandika iliyo sahihi, na kuweka herufi za jina langu ili ijulikane ni mimi niliyebadilisha.

Sajenti L. Nkhata